Paka na Karai Lake la Mchanga

Binti yangu alirudi nyumbani kutoka Meru mjini akiwa na begi moja la nguo, kikapu cha plastiki chenye mlango wa waya, na karai. Ndani ya kikapu mlikuwa na paka. Karai nalo lilikuwa la paka, na nilipouliza ni la kazi gani, nikaambiwa linatiwa mchanga na ndicho choo chake. Nimefundisha shule ya msingi tangu ujana wangu na watoto wameniuliza maswali ya kila namna, lakini la choo cha paka hakuna aliyewahi kuniletea. Mnyama anayeweza kupanda mti, kuruka ua na kuzunguka kata nzima kabla hakujacha, amebebewa choo kama mgonjwa wa wadi.

Mimi sipendi paka na sijawahi kuficha. Nilizaliwa Kianjai, na kwetu paka alikuwa wa ghala la mahindi. Aliishi chini ya ghala, akazaa chini ya ghala, na alipozeeka alienda kufia alikojua mwenyewe. Hakuwa na jina. Mama yangu alimwekea povu la maziwa kwenye kigae asubuhi, na hakumwongezea kitu, kwa sababu alitaka awe na hamu ya panya. Akija kulia mlangoni alimwagiwa maji. Sikumbuki mtu yeyote akikaa chini kujadili kama paka alale ndani au nje. Ingekuwa kama kujadili kuku avae viatu.

Sasa huyu wa binti yangu. Alikuwa mnene, mweupe, mwenye mabaka ya rangi ya chai ya maziwa, na hajawahi kukanyaga udongo tangu azaliwe. Alikula omena zilizochemshwa na kutolewa vichwa. Aliyekuwa akitoa hivyo vichwa, kimoja kimoja, ni mtu niliyemsomesha hadi chuo kikuu. Alifanyia kazi hiyo chumbani, na mlango wa chumba umefungwa, na dirisha limefungwa, na harufu ya omena ikapita chini ya mlango ikaja kukaa sebuleni kwangu kama mgeni asiyeaga.

Nikaona ni ujinga wa mjini. Nikasema moyoni, utapita.

Jambo ambalo halikupita ni kwamba binti mwenyewe hakutoka. Alitoka chumbani kwenda jikoni, na jikoni kwenda chooni, tena mapema kabla watu hawajaanza kupita njiani, na kutoka hapo alirudi chumbani kwa paka wake. Hakwenda kanisani. Hakwenda Karurumo sokoni. Alikuwa ameolewa na kijana wa Kangeta, mfanyabiashara wa miraa, wakaishi ghorofa ya juu katika jengo jipya pale Meru mjini. Mimi ndiye niliyefurahi kuliko wote siku ya posa, kwa sababu alikuwa mtu wa kwetu. Sasa mke amerudi kwa mama yake bila mume, na hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza. Watu wa hapa hatuulizi. Tunakaribisha, tunaandaa chai, tunasema mvua imechelewa, na tunangoja mtu apasuke mwenyewe.

Lakini paka tuliweza kumwongelea. Loo, tulimwongelea. Mama wa kanisani alikuja kuniona akakaa nusu ya mchana akitaka kujua kama ni kweli paka anaendea haja ndani ya nyumba ya Mkristo. Jirani wa chini, anayeuza muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, alikuja kuomba kiberiti ilhali alikuwa na sigara inayowaka mkononi. Wote waliulizia paka huku macho yao yakienda kwenye ule mlango uliofungwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na ujasiri wa kutamka jina la binti yangu. Waoga watupu, na chai yangu wakainywa.

Jumapili moja baada ya ibada akaja shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Huyu ndiye mkubwa wa ukoo tangu nilipoachwa mjane, na kazi hiyo anaifanya kwa kukaa. Alikaa. Akaweka mfuko wake wa muguka juu ya meza yangu, akachuma majani machache, akayatia shavuni, akanitazama kwa huruma ya mtu aliyeshiba.

"Mwalimu," akasema, "nimesikia iko paka hapa inaishi kama mtu wa serikali."

Nikamwambia iko.

"Hiyo si ya kukaa kwa nyumba. Paka ya kukaa kwa nyumba inakuwa mwizi."

Nikamuuliza itaiba nini, na chakula inaletewa kitandani.

"Ndiyo nasema. Itoke nje. Lakini ikitoka hivyo itapotea, kwa sababu haijui hapa. Lazima tuikate masikio kwanza."

Kwa asiyejua, nieleze. Huku kwetu, Meru na Embu, wako wazee ambao paka wao wakiwa wadogo huwakata ncha za masikio. Wanasema paka mwenye masikio mazima hupenda vichaka, lakini aliyekatwa, umande ukimwingia sikioni anachukia nyasi mbichi, basi anabaki uani, karibu na stoo, hazururi wala hafuati vifaranga vya watu. Nimewaona paka wa namna hiyo maisha yangu yote, wenye vichwa vya mviringo kama viazi. Sijui kama masikio yale yaliwahi kumzuia hata mmoja. Ninachojua ni kwamba shemeji yangu amekata wengi, na paka wake mwenyewe huwa namkuta mara kwa mara katika shamba langu la kahawa, na umande wote ukiwa juu yake, akila mjusi kwa raha zake.

Nilimkumbusha hilo. Akasema yule alikatwa vibaya.

Halafu akafika kwenye jambo alilojia, akilikaribia kwa upande kama mtu anayemfuata ng'ombe mkali. Akasema mkwe wetu amempigia simu. Akasema kijana ana adabu sana. Akasema atakuja Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumchukua mke wake, na kwamba wakati wa posa mbuzi walikuja wote, hakuna aliyebaki njiani, na kile kitita cha miraa cha heshima, kilichofungwa kwa majani ya mgomba, yeye shemeji ndiye alikipokea kwa mikono yake miwili. Alionyesha mikono yenyewe.

"Mke wa mtu hawezi kukaa kwa mama yake akilea paka," akasema. "Leta kisu nimalize hii moja leo. Hiyo ingine tutamaliza Jumamosi."

Nadhani alidhani hasikiki chumbani. Mlango ulifunguka. Binti yangu alisimama pale amevaa leso juu ya gauni la kulalia, saa saba za mchana, nywele hazijachanwa, na paka kifuani.

"Anko, ukimgusa huyu paka, sitakuamkia tena mpaka ufe," akasema, kwa sauti ya chini kabisa. Akarudi ndani. Tukasikia akisukuma meza mlangoni.

Shemeji akatafuna polepole. Akasema mjini wanaharibika. Nikamjazia kikombe, si kwa upendo, ila ili mdomo wake uwe na kazi nyingine.

Baada ya hapo niliamua mimi mwenyewe: paka abaki ndani. Si kwa sababu nilibadili mawazo kuhusu paka. Nilimwona shemeji anavyozungusha macho uani nikajua atarudi na kisu siku ambayo sipo. Nilijua pia kwamba wengine watakuja. Hapa kwetu nyumba ambayo mlango wake hauna kufuli kwa nje ni nyumba yenye watu, na nyumba yenye watu unaingia tu, unaita ukiwa tayari umefika sebuleni. Lakini ukiona kufuli linaning'inia, unageuka. Hakuna anayegonga kufuli.

Basi Jumanne asubuhi, nikienda shule, nikafunga mlango wa mbele kwa nje na kutia kufuli, na ule wa jikoni pia. Binti alikuwa amelala na sikutaka kumwamsha. Nilifanya hivyo kwa mapenzi. Nilitembea hadi shule nikijisifu kwamba leo wambea watageukia langoni, na mtoto wangu atatoa vichwa vya omena kwa amani.

Niliporudi mchana kumpikia, nilisikia kishindo nikiwa bado njiani. Kilikuwa kikitoka nyumbani kwangu. Kitu kilikuwa kinapigwa kwenye ubao, kinanyamaza, kinapigwa tena. Nilikimbia, mimi na magoti yangu haya. Nilipofungua, binti yangu alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya mlango na kiatu changu cha kanisani mkononi. Kisigino cha kiatu kilikuwa kimevunjika. Jasho lilikuwa likimtiririka na alikuwa amejikojolea. Paka alikuwa chini ya kiti akinitazama kwa macho ya duara.

Nikamwambia, "Ni mimi. Nilifunga kwa sababu ya wageni."

Alinishika mguu. Hakuushika kwa hasira. Aliushika tu kama mtoto anavyoshika nguzo. Nilisimama pale na begi la vitabu begani hadi nilipojiona mjinga, nikaketi sakafuni pamoja naye. Kisha nikamuuliza. Nilimuuliza waziwazi, bila mvua wala chai: mwanangu, alikufanya nini?

Akasema hakumpiga. Hilo alilitanguliza, kana kwamba alikuwa akimtetea. Akasema alimfungia. Kila siku alipotoka kwenda Kangeta kununua miraa, kabla jua halijachomoza, alifunga mlango kwa nje na kutia kufuli, na funguo akaenda nazo. Mwanzoni alisema ni kwa ajili ya wezi. Baadaye hakusema kitu. Ghorofa ya juu, madirisha yana vyuma. Siku nyingine alirudi jioni, siku nyingine alilala hukohuko. Alipolalamika kwamba anakaa peke yake, akamletea paka.

"Alisema sasa mko wawili," binti yangu akasema.

Nimekuwa na hasira mara nyingi maishani. Ni sehemu ya kazi yangu. Lakini ile ya siku hiyo sikuwa nimekutana nayo. Nilimkumbuka yule kijana kwenye posa, shati limepigwa pasi, akiniita Mama kila baada ya maneno mawili, akininawisha mikono kwa maji ya uvuguvugu. Nilimkumbuka nikitamani kumtemea mate. Niliyatoa makufuli yote mawili, nikaenda hadi kwenye choo cha shimo nyuma ya migomba, nikayatupa humo pamoja na funguo zake. Mpaka leo nyumba yangu inafungwa kwa komeo la ndani, na nikitoka inabaki wazi. Anayetaka kuiba redio yangu na aibe.

Jioni ileile suala la paka lilirudi, na safari hii tulilijadili kama watu wazima. Nilimwambia ukweli. Nikamwambia nje jirani wa chini huweka sumu ya panya kwenye parachichi wakati wa mavuno na haonyi mtu. Nikamwambia mbwa wa hapa hufunguliwa magharibi, na mbwa hajui paka wa mjini na wa shamba. Nikamwambia bodaboda hazina breki na waendeshaji wake hawana akili. Paka wa kwetu wanajua haya yote na bado wanakufa. Huyu wako, nikasema, anaogopa kifuniko cha sufuria.

Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mama, afadhali."

Akafungua mlango wa jikoni.

Ningependa kusema paka aliruka nje kwa furaha. Hakufanya hivyo, kwa kuwa paka hajui kumfurahisha mtu. Alifika kizingitini, akanusa, akaweka mguu mmoja juu ya udongo, akauinua na kuukung'uta kana kwamba umemchafua. Kuku wangu wa kienyeji, yule mwekundu asiye na adabu, akaja kumtazama. Paka akarudi ndani mbio na kuingia chini ya jiko. Nilicheka hadi nikashika ukuta. Binti yangu alicheka pia, kidogo, puani.

Tulifanya hivyo kila siku. Niliporudi shuleni tulifungua mlango, naye alikaa juu ya gogo karibu na stoo ili paka amwone asiogope. Wiki ya kwanza paka alifika kwenye kamba ya nguo. Baadaye alifika kwenye kahawa. Kwa kuwa mjinga yule alikuwa akisahau njia ya kurudi na kuanza kulia, ilibidi binti amfuate, kwanza kwenye kahawa, kisha hadi uani kwa jirani wa chini, ambako alilazimika kusalimia. Alimsalimia mwenye sumu. Akamwambia pia, nilisikia kwa masikio yangu nikiwa nyuma ya ua, kwamba paka wake akifa atajua ni nani. Panya hata mmoja paka yule hakumshika. Alimletea binti yangu nzige, akamweka mbele ya miguu yake, akangoja kusifiwa. Na alisifiwa, nikahuzunika kwa ajili ya elimu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi mkwe akaja. Alikuja na shemeji yangu kutoka barabarani, wamebeba sukari, unga na mafuta ya kupikia, na shati lilikuwa limepigwa pasi vilevile. Niliwaketisha nje, chini ya mmakadamia, kwa sababu sikutaka akanyage sakafu yangu. Binti alikuwa upande wa pili wa uwanja akianua nguo. Hakukimbilia ndani. Niliomba moyoni asikimbie, na hakukimbia.

"Mama," kijana akasema, "mimi sikuja na vita. Nimekuja kuchukua bibi yangu na paka yangu, turudi nyumbani."

Kabla sijafungua mdomo, binti akasema akiwa palepale kwenye kamba, "Paka yuko juu ya stoo. Mwite."

Kweli alikuwa juu ya mabati, amejinyoosha juani, tumbo limejaa vumbi. Kijana akasimama. Akaita kwa sauti ya busu, namna wanavyoita mjini. Paka akafungua jicho. Akaita tena, akanyoosha mkono, akapigapiga paja. Paka akainuka, akajikuna sikio bila haraka, akashuka upande wa pili na kupotelea kwenye kahawa. Kijana akabaki amenyoosha mkono.

"Mmemharibu," akasema, akijaribu kucheka. "Huyu alikuwa wa ndani kabisa."

"Ndiyo nilisema akatwe masikio," shemeji akasema.

Binti yangu akaja na nguo zikiwa begani. Akasimama mbele yao.

"Na mimi, anko? Mimi ungenikata nini?"

Shemeji aliacha kutafuna. Binti akamweleza, palepale, mumewe akiwepo: mlango, kufuli, vyuma vya dirisha, siku ambazo hakurudi, na ile asubuhi mume aliposahau kufunga naye akatoroka. Alisema yote akiwa amesimama, na sauti haikumtoka mbio. Nilingoja shemeji aanze habari ya mbuzi. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno ambayo yangenifukuzisha kwenye kwaya.

Shemeji alimgeukia kijana. "Ni ukweli ulikuwa unafunga mtoto na kufuli?"

"Mzee, ni usalama. Meru kuna wezi."

"Na funguo unaenda nayo Kangeta?"

"Nitaiachia nani?"

Shemeji akatema majani yake chini. "Sasa nyumba ikishika moto?"

Kijana aliutazama unga aliouleta. Akatazama viatu vyake, akasema haikuwahi kushika. Shemeji alimkazia macho, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo ule niliuona uso wa marehemu mume wangu katika uso wake. Akainuka. Akaokota sukari, unga na mafuta, akambebesha kijana vyote.

"Beba vitu zako," akasema. "Mambo ya mbuzi utaongea na mimi, si na hawa wamama. Twende nikutoe barabarani."

Nimemdharau mtu huyu miaka mingi na sina mpango wa kuacha, kwa kuwa kesho yake alirudi kunywa chai na kuniambia mti wangu wa makadamia nimeupanda vibaya. Lakini siku ile nilimsindikiza kwa macho hadi walipopinda, nikamwombea.

Binti yangu alikunja nguo zote akaziingiza ndani. Alichana nywele. Akaja kuomba leso yangu nzuri, ile ya bluu, akasema anaenda Karurumo kununua chumvi, mwenyewe, kwa miguu. Chumvi tulikuwa nayo, kopo zima, na alijua. Nikamwambia aende, na asiharakishe kurudi.